Kinywa cha Kuazima

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, ambao huku kwetu ni mwezi wa baridi na ukungu, niliitwa katika nyumba moja mtaa wa Sakina, mjini Arusha, ili nijibu swali. Walioniita walikuwa wanawake tisa. Wengi ni wake wa askari, wawili ni wajane wa askari, mmoja ni muuguzi mstaafu, na mwenyeji wetu alisomesha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Hawana ofisi wala muhuri. Kazi yao ni kuzitembelea nyumba ambazo baba au mtoto wa nyumba amepelekwa nje ya nchi kulinda amani. Hupeleka sukari na unga, humsindikiza mjamzito kliniki, hukesha na mama ambaye mtoto wake ana homa, na aghalabu hukaa tu, wakachambua mchicha pamoja na mwenye nyumba, wakaondoka. Nilipowauliza chama chao kinaitwaje walicheka. Wakasema hujiita "sisi".

Swali alilitoa mwalimu. "Kaka," alisema, "siku hizi habari humtangulia mjumbe. Picha huzunguka kwenye simu kabla jeshi halijatuma mtu. Sisi tumekwisha kuona sura, pengine na jina, na mwenye mume hajaona. Tumefika mlangoni kwake. Anatukaribisha, anatuuliza, mmesikia lolote? Je, tunaruhusiwa kusema hatujasikia kitu?"

Hawakulibuni swali hili. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika eneo la Beni, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa usiku. Watanzania 15 waliuawa, makumi wakajeruhiwa, na mmoja hakujulikana alipo. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 13 Julai 2013, Watanzania saba waliuawa huko Darfur. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa nami, kwani baadhi ya majeneza ya Semuliki yalivuka bahari yakaja huko kuzikwa. Mimi humfikiria zaidi yule mmoja ambaye hakujulikana alipo. Waliofiwa walipewa neno, nalo likawaangusha, lakini lilikuwa neno. Nyumba ya yule mmoja ilipewa nini? Na aliyekwenda kukaa nao siku zile, kila mlango ulipogongwa, alikuwa akisema nini?

Sikuwajibu wale kina mama siku hiyo. Niliomba muda, nikisingizia kwamba jambo kubwa halijibiwi kwa pupa. Sababu ya kweli ni kwamba swali lao niliwahi kulijibu nikiwa na umri wa miaka 12, nikalijibu vibaya, na hadi Jumamosi ile sikuwa nimemweleza mtu.

Nimezaliwa katika kijiji kilicho juu ya Usa River, kwenye mteremko wa Mlima Meru, penye migomba, kahawa na mifereji ya maji. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba kwamba tutapigana, mimi nilikuwa darasa la tano. Vijana wa kijiji walikwenda, wengine wakiwa askari wa kweli, wengine wakiwa mgambo waliokuwa wakijifunzia kwa bunduki za miti. Waliobaki walitoa walichonacho: mbuzi, mahindi, ng'ombe kwa aliyekuwa naye. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na katika nyumba zake kumi wanne walikuwa na watoto vitani. Akinipita na barua mkononi alikuwa akiniambia, "Nenda kwa mama fulani, kamsomee." Ndivyo nilivyopata kazi.

Pengine msomaji atauliza, je, kampeni ya elimu ya watu wazima haikuwa imefika kwetu? Ilifika, tena ilifanya kazi kubwa. Kina mama wale walikuwa na vyeti vyao. Lakini herufi walizofundishwa zilikuwa za kitabu, zimesimama moja moja kama miche ya kahawa kitaluni, ilhali barua ya askari imeandikwa juu ya goti, kwa kalamu inayokauka, herufi zimeshikana na kulala. Tena imeandikwa kwa Kiswahili cha shule na cha jeshi, na wazee wetu wakati ule walikuwa wakiwaza na kulia kwa Kimeru. Kwa hiyo nilisoma na kutafsiri kwa pumzi moja. Leo watu wananiita mfasiri, nami sikupita chuo chochote. Chuo changu kilikuwa jiko la mama mmoja, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume.

Mwanawe alikuwa na mwandiko mzuri na mapenzi ya kueleza. Barua zake zilikuwa furaha kuzisoma. Majibu niliyaandika mimi, mama akisema kwa Kimeru na mimi nikiweka kwa Kiswahili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache nilijifunza kuyatandaza kidogo yakaijaza karatasi. Alisema "aangalie baridi", nami nikaandika kwamba mama anakuomba ujihadhari na baridi, ujifunike vema usiku. Hapo hapakuwa na kosa, nadhani. Lakini ndipo mkono ulipoanza kuzoea.

Mwishoni mwa Machi 1979 ilikuja barua ya kurasa mbili. Ilitoka Mwanza, hospitali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu. Wa pili ulisema ameumia mguu, kwamba mfupa umevunjika na madaktari hawajaamua kama utabaki, kwamba atalala pale wiki nyingi, na kwamba ikiwezekana mtu wa nyumbani afike, hata kwa siku moja, moyo wake utatulia. Nilikuwa nikiusoma kwa macho wakati kinywa changu kikiwa bado kwenye salamu. Siku hiyo hiyo asubuhi Land Rover ya jeshi ilikuwa imepanda kijijini. Kila mtu alisimama shambani kwake akiangalia itakata kona wapi, nayo ilikata kona kwa jirani, ng'ambo ya mfereji. Vilio vilikuwa bado vinasikika tulipokuwa tumekaa jikoni. Nikautazama uso wa mama yule. Nikamaliza salamu, nikakunja karatasi.

Akaniuliza, "Mbona karatasi ni mbili na maneno ni machache?"

Nikamwambia mwandiko ni mkubwa.

Nilikusudia kumsomea kesho yake. Nasema kweli, nilikusudia. Kesho yake ilikuwa mazishi. Kesho kutwa nilijua kwamba nikimsomea nitalazimika kueleza kwa nini sikusoma siku ya kwanza, na kila siku iliyopita ilifanya maelezo hayo kuwa magumu zaidi, hadi mzigo nilioubeba haukuwa tena huruma kwa mama bali hofu kwa nafsi yangu. Nimewasikia wengi wakisema kwamba hawakuficha, walichelewesha tu. Wakati wa kuchelewesha naujua. Kesho ya mwenye huruma haina tarehe.

Kisha ilibidi kujibu barua. Mama alisema yake: ng'ombe amezaa, kahawa ina maua, jirani amefiwa. Niliandika hayo. Halafu nikamfikiria yule kijana kitandani, amesema mguu wangu unaweza kukatwa, naye anajibiwa kwamba ng'ombe amezaa. Nikaogopa. Nikaongeza, kwa sauti ya mama yake, maneno ambayo mama yake hakuyasema: kwamba tumesikia habari ya mguu wako, tunakulilia, lakini nauli hatuna, tusamehe. Mtoto wa miaka 12 alimkatalia askari majeruhi kutembelewa na mama yake mzazi, akatia sahihi jina la mama.

Kweli nauli ilikuwa shida. Kutoka Arusha hadi Mwanza wakati ule ilikuwa safari ya mateso, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, mafuta yalikuwa yakienda vitani, na masika yalikuwa yameanza. Inawezekana asingefika. Nimejiliwaza kwa hoja hiyo miaka mingi. Lakini hoja hiyo ilikuwa yake, si yangu. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuhesabu fedha zake, kuuza ndama au kutouza, kulia kwa sababu ameshindwa. Mimi nilimnyang'anya hata kushindwa kwake.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Tumezoea kuutumia msemo huu kwa kumwombea mjumbe usalama, tukasahau sharti lililomo ndani yake. Mjumbe hauawi kwa sababu neno si lake. Amekiazimisha kinywa chake kwa mwingine, kama mtu anavyoazimisha jembe, na hakulaumiwa kwa shamba. Siku anapolipunguza neno, au kulitia sukari, neno limekuwa lake, na kinga yake imeondoka. Mfasiri anajua jambo hili kwa uchungu. Nimefasiri vitabu ambavyo sikuvipenda vinakoishia, na mkono uliniwasha kuvirekebisha. Anayewahudumia wanaongoja yuko katika hali hiyo hiyo, ila kitabu chake kina damu.

Nijuavyo mimi, mtu wa bara niliyelelewa katika Ulutheri, Uislamu pia umelitazama jambo hili kwa makini. Wanazuoni wametaja nafasi tatu ambamo maneno yasiyo ya kweli hupata ruhusa: vitani, katika kupatanisha watu waliogombana, na kati ya mume na mke kwa ajili ya mapenzi yao. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani nimepata wakili, kwa kuwa yangu yalikuwa wakati wa vita. Nilipotulia niliona sivyo. Vitani huhadaiwa adui. Mama yule hakuwa adui yangu.

Na yuko Immanuel Kant, Mjerumani, ambaye mwaka 1797 aliandika makala fupi kusema kwamba hata muuaji akigonga mlango akakuuliza rafiki yako amejificha wapi, hupaswi kumdanganya. Niliisoma kwa kujikongoja, kamusi ubavuni, na sikubaliani naye. Sidhani kama yeyote aliyewahi kumficha binadamu mwenzake anaweza kukubaliana naye. Aliyekuwa akibishana naye, Mfaransa Benjamin Constant, alisema kwamba ukweli ni wajibu kwa yule tu mwenye haki nao. Hapo ndipo ninapokaa. Muuaji hana haki na anachouliza. Lakini mama aliyekaa kwenye mafiga akingoja habari za mwanawe ana haki gani? Ana haki yote. Hakuna mtu duniani ambaye neno lile ni lake zaidi kuliko yeye, hata jeshi, hata daktari wa Mwanza. Kwa hiyo Constant aliyenitetea dhidi ya Kant ndiye aliyenitia hatiani.

Kilomita chache kutoka kijijini kwetu, Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, kuna makaburi ya Wapoland, takriban 150. Huenda huko mara kwa mara, si kwa kuomboleza bali kwa kuwa ni mahali penye utulivu. Watu wale waliletwa mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, kiasi cha 5,000, baada ya kuhamishwa kwa nguvu kwenda Urusi na kupitia Uajemi. Wanaume wao wengi walikuwa katika jeshi la Jenerali Anders, lililopigana Italia na kuiteka Monte Cassino mwezi wa Mei 1944. Waliokaa chini ya mlima huu walijenga shule, kanisa, hospitali. Waliofundisha na kuuguza kambini wengi walikuwa wakimbizi wenyewe, kwa hiyo mwalimu aliyewatuliza watoto wa wenzake darasani huenda naye alikuwa na mume Italia. Nami nadhani huo ulikuwa ulinzi wao. Ni vigumu kumdanganya mwenzako kwa uongo ambao kesho yake utataka wewe uambiwe. (Wakati huo huo vijana wa Tanganyika walikuwa Burma na kikosi cha King's African Rifles, na barua zao zilipitia macho ya wakaguzi wa jeshi kabla ya kufika kwa mama zao. Shaaban Robert aliitungia vita ile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Wasomaji wa barua zile hawakutungiwa kitu, na ni haki yao.)

Nilirudi Sakina baada ya wiki tatu. Niliwasimulia yote, nikawapa nilichokuwa nacho. Niliwaambia wasiseme hawajasikia. Waseme, kuna habari zinazunguka, hazijathibitishwa, hatujui kama ni kweli, nasi tumekuja kukaa nawe hadi zijulikane. Picha ya simu inaweza kuwa ya mtu mwingine au ya vita vingine, kwa hiyo kusema "haijathibitishwa" si hila, ni kweli tupu. Wasimwonyeshe picha asipoomba. Akisema hataki kujua hadi jeshi lifike, wamtii, maana haki ya kujua ina haki ya kungoja ndani yake, na mwenye kuamua ni yeye. Muuguzi aliongeza kwamba kwanza watazame kama amekula na kama watoto wana mtu wa kuwashika. Nikakubali, mradi iwe saa na si siku.

Ndipo mmoja wa wajane, ambaye siku ya kwanza hakufungua kinywa, akasema nami.

"Mimi walinidanganya," alisema. "Walikuja saa tano, wakajua, wakaniambia ni shwari. Nikapika. Nikala na wanangu, tukacheka, mdogo alimwaga mchuzi. Saa tisa ndipo wakaja wenye habari. Chakula kile, kaka, ndicho cha mwisho nilichokula nikiwa mke wa mtu. Ukiniuliza leo kama ningetaka wasinidanganye, sijui nitakujibu nini. Chakula kile usininyang'anye."

Sikuwa na la kumjibu. Hata leo sina, na wale tisa walibaki wakibishana hadi jua likazama nyuma ya Monduli. Ninachojua ni kwamba kauli ile alikuwa na haki ya kuitoa yeye, baadaye, na waliomdanganya hawakuwa na haki ya kumkisia mapema. Walicheza kamari kwa fedha yake, ikatokea wakashinda. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama kijana.

Imebaki sehemu ya hadithi ambayo sikuwasimulia, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko Kant.

Kijana yule alirudi mwezi wa Novemba 1979. Mguu haukukatwa, lakini alichechemea. Nyumba ilijaa watu, mbuzi alichinjwa, nami nilikuwa nimebanwa kwenye kona pamoja na watoto wenzangu. Katikati ya mazungumzo akamgeukia mama yake, bila uchungu wowote, akasema, "Nilipata barua yako hospitali, mama. Uliposema nauli hakuna nilielewa. Usiwe na fikira."

Mama yule hakujua habari ya hospitali wala ya nauli. Aliinua uso, akanitafuta kati ya watu hadi akanipata. Sijui alitazama kwa muda gani. Kisha akamwambia mwanawe, "Ndiyo, mwanangu. Nauli ilikuwa shida."

Mwanawe alifariki mwaka 2011 akiamini hivyo. Mama alikuwa amemtangulia. Sikumwambia kamwe. Kila nilipotaka kumwambia niliona kwamba nitakuwa nikilivunja neno la mama yake, ambalo safari hii alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Kama nilivyoandika hapo juu, ukweli ni wa mwenye haki nao. Basi yeye alikuwa na haki nao, na mama yake alimnyima, kwa ajili yangu, mtoto wa jirani. Kwa hoja zangu mwenyewe alikosea. Sijaweza kulitamka hilo na kuliamini.

Siku ya tatu baada ya sherehe aliniita. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Alikuwa ameitoa barua katika kopo la majani ya chai alimotunza barua zote, na aliijua ipi ni ipi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na karatasi mbili. Akanipa, akasema, "Nisomee." Nilianza na salamu. Akasema, "Hizo nilizisikia." Nikafungua ukurasa wa pili. Niliusoma wote, kwanza kwa Kiswahili kama ulivyoandikwa, kisha kwa Kimeru, mstari kwa mstari, mfupa, madaktari, wiki nyingi, hata kwa siku moja. Mahali pawili aliniambia nirudie. Nilipomaliza aliikunja, akairudisha koponi, akanipakulia loshoro, akakaa akinitazama nikila.